Unga wa Mzee Thiam-ting

Baba mkwe wangu, Mzee Thiam-ting, alikufa kama alivyoishi, bila kumwuliza mtu. Asubuhi alimaliza kuchanganya unga wa udi wa ibada kuu ya hekalu la Ma-tsoo, mungu wa kike wa bahari, akafunika pipa, akajilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, basi. Ibada ile huja kila baada ya miaka kumi na miwili, na udi wake umetoka nyumbani kwetu tangu enzi za babu yake.

Pipa likabaki karakanani, na hakuna wa kuligusa. Kwetu nyumba yenye msiba haitengenezi udi wa miungu wala haikanyagi hekaluni mpaka matanga yaanuliwe, na ibada ingefika kabla ya hapo. Mume wangu Bun-hiong hakusema neno. Huyu ni mtu aliyenichumbia kwa kuitikia kwa kichwa tu, kwa hiyo sikushangaa. Lakini kila asubuhi alikwenda pale, akafunua mfuniko, akainama kunusa kazi ya mwisho ya baba yake, akafunika tena. Nilimwona kutoka dirisha la jikoni, na moyo uliniuma hata nikaunguza uji.

"Watanunua wa kiwandani," alisema siku moja. "Udi ni udi."

"Mwongo wewe," nikamwambia, nikavaa viatu.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, nje kabisa ya lango la hekalu, nikamwita Bi A-siu, mtunza taa.

"Niulizie mungu! Tunaweza kuusokota udi wetu?"

Bi A-siu alipiga magoti akaangusha vibao viwili vya kumwulizia mungu, kila kimoja kina mgongo wa mviringo na tumbo bapa. Vikaanguka migongo juu vyote viwili. Hapana.

"Muulize tena!"

"Wee Guat-kiau, mungu si muuza samaki. Ameshakataa."

"Basi muulize hivi: unga wa mzee anautaka au hautaki?"

Safari hii vibao vilianguka matumbo juu, maana yake mungu anacheka. Bi A-siu akaangusha tena: kimoja mgongo, kimoja tumbo. Ndiyo. Akarudia mpaka akaridhika, kisha akaja langoni, mikono kiunoni.

"Unga anautaka. Mikono yenu ndiyo asiyoitaka."

Mji wetu ulikuwa na mtu mmoja tu mwingine anayejua kusokota udi kwa mkono, naye ni Mzee Khoo wa mtaa wa nyuma. Yeye na baba mkwe walikuwa hawasemezani tangu mimi ni bibi harusi, kwa sababu Baba alitamka mbele ya watu kwamba udi wa Khoo unafaa kufukuzia mbu. Nilikwenda hivyo hivyo. Mwenye msiba haingii nyumba za watu, kwa hiyo nilisimama barabarani nikapaza sauti.

"Mzee Khoo! Nina shida nawe!"

"Nakula!"

"Kula huku unasikia!"

Nikamweleza yote, na mtaa mzima ukafungua madirisha. Nilipomaliza akatoka na bakuli lake la wali mkononi.

"Mkweo alisema udi wangu unafukuza mbu."

"Alisema, na alikosea." Nikajipiga kofi shingoni. "Hawa mbona wananila mlangoni kwako?"

Wali ukampalia. Alikohoa, akacheka, akajifuta macho, na nadhani si kicheko tu kilichoyalowesha.

"Vijiti vya mwanzi mnavyo?" akauliza. "Vyangu mimi siwapi."

Alikuja kulipopambazuka. Mimi na Bun-hiong tulisimama ukutani, mikono nyuma, kama watoto waliokatazwa kugusa chakula cha wageni. Khoo alichovya kicha cha vijiti majini, akakilaza kwenye unga, akakiviringisha, akakikunjua kama kipepeo cha mkono na kukikung'uta. Vumbi la sandali na karafuu likajaa ua mzima.

"Maji mengi!" alifoka mtu.

Alikuwa mume wangu. Nilimgeukia kuhakikisha ni yeye.

"Baba hachovyi hivyo," akasema. "Anachovya na kutoa, papo hapo."

"Babako alikuwa bahili hata wa maji," alijibu Khoo, lakini kicha kilichofuata alikichovya na kukitoa papo hapo.

Siku ile Bun-hiong alisema maneno mengi kuliko ya ndoa yetu yote. Kung'uta zaidi. Usikibane. Hapo ndipo Baba huimba. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, maana mikono alikuwa ameifungia nyuma. Nilimpenda siku ile hadi nikaona aibu, mtu mzima mimi.

Jioni udi ulikuwa umesimama ua mzima ukingoja jua la kesho. Khoo alinawa. Mimi nikachungulia pipani, nikaona unga umebaki chini.

"Mzee, umesahau huu."

"Sijasahau." Alimtazama Bun-hiong. "Huo si wa mungu. Marehemu ni wako, na udi wa marehemu hakuna aliyekukataza. Sokota mwenyewe."

Akaondoka akilalamika kwamba chakula chake kimepoa. Bun-hiong alipiga magoti kando ya pipa, akatia mikono yote miwili ndani, akakaa hivyo muda mrefu kabla ya kuchukua kijiti.

Siku ya ibada hatukwenda. Ngoma zilipoanza hekaluni, harufu ya Baba ilishuka mtaa kwa mtaa hadi mlangoni kwetu. Bun-hiong akawasha kijiti chake mbele ya picha ya Baba, na harufu ya ndani ikawa ileile ya nje. Kijiti chenyewe kilikuwa na vinundu, kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

Alikichomeka kwenye majivu, akainama.

"Maji yalizidi, Baba," akasema.