Joto la Kukaushia Mashuka

Asubuhi katika chumba cha kukunjia, mvuke ulikuwa umeshapanda hadi kwenye taa, na wanawake walifanya kazi wakionana nusunusu: mikono bila vichwa, vilemba bila nyuso. Ilikuwa kampuni kubwa ya udobi iliyofulia mashuka ya hoteli za mjini. Mama Mapacha alikuwa mkunjaji. Alishika ncha mbili za shuka, mwenzake akashika mbili, wakasogeleana kama watu wanaotaka kukumbatiana, kisha wakaghairi.

Nyuma yake alisimama msimamizi. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisema polepole, karibu na sikio.

"Wale wanawake wanaotaka nafasi yako wapo tena getini."

Alimwambia hivyo kila alipoingia kazini, kama wengine wanavyosabahi.

Homa ilimwanza kidogokidogo. Mwanzoni ilikuwa homa ya watu wote, ya viungo kuuma na mdomo kuwa mchungu. Kisha siku moja shuka alilolikumbatia ili kulikunja likatoka kifuani kwake kavu, limenyooka, halina kunyanzi hata moja. Mwenzake, mwanamke mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alilipapasa.

"Hebu shika na hili," alisema.

Likakauka nalo. Wakaendelea na kazi.

Tangu hapo mashuka yote mabichi yakawa yanapitia kifuani kwa Mama Mapacha. Mvuke wake ulitanda kama kiwingu chini ya dari, na ikifika mchana kiwingu kile kikadondosha manyunyu upande wa wafuaji, ambao hata hivyo walikuwa wameshalowa. Meneja aliposikia alikuja, akaweka kiganja juu ya shuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi ofisini. Mashine ya kukaushia ikauzwa, maana ilikuwa inakula umeme bure.

Mama Mapacha alikwenda kwa daktari. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi. Alipima damu, hakuona mdudu. Alimpa vidonge vya homa, akamkalisha kwenye benchi, na baadaye joto likawa lilelile. Alimgusa paji la uso lakini hakusikia kitu, kwa sababu mkono wake mwenyewe ulikuwa na joto kama hilo.

"Nyumbani kwako kuna mwingine anayeumwa hivi?"

"Hakuna."

"Kazini je? Msimamizi wako ana homa?"

"Yule? Hata mafua hapati."

Daktari aliandika kidogo, kisha akaiweka kalamu chini. "Homa hii haitoki kwenye damu, mama. Inatoka kwenye maneno. Wanaoniletea ni wanawake zaidi, tena wengi wasichana wa shule karibu na mitihani. Kila mmoja ana mtu amesimama nyuma yake."

"Dawa yake?"

"Huyo mtu aondoke."

"Akiondoka yeye, kazi itabaki?"

Nje ya mlango mtu alimwita daktari kwa sauti kali, akimwuliza kwa nini foleni haisogei. Daktari alifumba macho kidogo. Karatasi iliyokuwa chini ya mkono wake ikajikunja pembeni, ikaanza kugeuka rangi. Alimwandikia mgonjwa mapumziko, akamwita mwingine.

Mama Mapacha alilala nyumbani kwa mama yake mzazi, aliyekuwa akimlelea wanawe. Alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu aanze kazi. Sauti za uani zilimfikia kwa mbali, kana kwamba nyumba nzima imezama taratibu kwenye maji na watu wake wanaendelea kupika humo chini bila wasiwasi. Mama yake alimwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Siku za kwanza kitambaa kilichemka. Baadaye kikawa kinapata vuguvugu tu. Mwishowe kikakaa baridi, na maji yakamtiririkia masikioni kama maji ya kawaida. Aliota kwamba yeye ni shuka, ametandikwa juu ya kitanda kisicho na mtu, na hakuna anayekuja.

Aliporudi kazini alikuwa mzima. Msimamizi hakuwepo, alikuwa amepandishwa cheo na kupelekwa tawi jingine kwa sifa ya kubana matumizi. Nyuma ya Mama Mapacha palikuwa patupu. Alikumbatia shuka la kwanza, likabaki bichi. La pili nalo likabaki bichi, na gauni lake likalowa hadi tumboni. Kufika jioni marundo yalikuwa yamefika madirishani, na simu za hoteli zikawa zinalia ofisini. Meneja alitoka akasema hakuna atakayekwenda nyumbani mpaka mashuka yakauke.

Kisha akakumbuka cheti cha daktari, kilichosema homa ile inatoka kwenye maneno, akamwita dereva wa gari la mashuka. Alimchagua kwa sababu ya sauti yake nzito. Hakujua, au hakujali, kwamba dereva alikuwa mtu mwenye adabu kuliko wote pale. Hata mbuzi akikatiza barabara alimpisha na kumwambia pole.

Dereva alisimama nyuma ya Mama Mapacha, kofia mkononi.

"Dada, habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, kaka."

"Nimeambiwa nikutukane."

"Nimesikia. Haya."

Dereva alikohoa. "Wewe ni mvivu," alisema. Akafikiri. "Mvivu sana. Na… na wale wanawake wa getini wanakuja."

Shuka lilibaki bichi. Shangazi aliangua kicheko, akajizuia, kisha akaangalia dirishani, akakumbuka kwamba nyumbani ana mgonjwa wa kunywesha uji. Wafuaji walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mmoja alikuwa amejifungua juzijuzi, na kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

Mama Mapacha aliwatazama mmoja mmoja. Alivuta shuka jingine, akalikumbatia.

"Hayo hayachomi, kaka," alisema. "Sema wanangu wanamwita bibi yao mama. Mimi wananiita mgeni."

"Dada, hilo siwezi."

"Ni kweli tupu, hutasingizia. Sogea karibu na sikio, na useme polepole. Yule mwenzio ndivyo alivyokuwa anafanya."

Dereva aliinama, akasema. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia.

Mvuke ulianza mabegani mwa Mama Mapacha, mwembamba kama wa kikombe cha chai, ukapanda na kuenea. Kiwingu kikarudi chini ya dari. Shuka likatoka kavu, Shangazi akalipokea bila kuinua macho, na jingine likaletwa. Giza lilikuwa halijaingia sana walipomaliza, wote wakajifunga kanga kwenda kwao.

Usiku ule wageni wa hoteli walilala katika mashuka yenye joto kidogo, na wengi waliwaambia wahudumu kwamba hawajawahi kulala vizuri namna hiyo.

Asubuhi dereva alikuja mapema kabla ya kupakia gari. Alimsalimia Mama Mapacha, akamwuliza hali ya mama yake, akasogea nyuma yake.

"Leo nisemeje, dada?"

Aliwaza kidogo, shuka bichi likimdondoshea maji miguuni, akamwambia.