Kinywa cha Ruba

Wiki tatu mfululizo damu ilimtoka Élisabeth puani, tundu la kulia tu, bila maumivu. Alikuwa mjane, mfugaji wa Bijombo, kule milimani, na wenzake kanisani walishaanza kulikwepa benchi lake. Siku alipotapika mabonge meusi ya damu, aliteremka Uvira kwa mdogo wake Noella, mkazi wa mtaa wa Nyamianda.

Noella akampeleka kwa Protais, muuguzi wa mtaani. Protais aliwasha tochi, akachungulia puani, akarudi nyuma ghafla.

“Mama, maji munakunywaka wapi?”

“Ku kijito, kwenye ng'ombe wanakunywa. Miye nainama tu, nakunywa na kinywa.”

“Basi leo musikunywe hata tone. Humu mu pua iko kitu, na iko kizima.”

Akamwacha na kiu hadi alasiri, kisha akaweka beseni la maji baridi chini ya pua yake. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu Élisabeth akahisi kitu kikijivuta ndani ya uso wake, nyuma ya jicho, taratibu, kama kamasi lenye akili. Kichwa cheusi chenye ute kikachungulia, kikanyooka kutafuta maji. Noella alikimbilia nje kutapika. Protais akakibana kwa koleo, akangoja kiachie chenyewe. Kikatoka, kirefu kama kidole, kimevimba damu.

“Ni ruba,” alisema Protais, akimtia katika gilasi. “Muangalie kinywa yake. Iko ya kunyonya, na ndani taya tatu. Zile taya ni zaifu, haziwezi pasula ngozi ya mukono. Ndiyo maana anangojea mwenye kunywa, aingie mu pua ao mu koo, kwenye nyama iko laini. Na mate yake inakataza damu kuganda.”

“Wiki tatu nilikuwa namulisha,” Élisabeth alisema. “Nilikuwa nasali naye. Muganga, mumuue.”

Protais alimwaga chumvi. Ruba akajikunja, akaitapika damu ile. Élisabeth hakugeuza macho mpaka mdudu akatulia.

Damu ya pua ilikoma kesho yake. Siku ya nne akapanda kurudi Bijombo. Kabla hajaingia ndani alimwendea ng'ombe wake mmoja aliyekuwa akitokwa na mate mekundu, akampanua kinywa, akapitisha mkono chini ya ulimi. Walikuwepo: laini, wanateleza, wanne wamebanana.

Akazungushia kitambaa kidoleni, akaanza kumng'oa wa kwanza.