Tisini na Nne

Apollinaire hakujua kutongoza. Vijana wengine wa Butembo walileta vitenge na sabuni ya kunukia. Yeye alimletea Florentine shimo jeusi. Alikaa jikoni kwa mama yake Florentine, akachovya kipimajoto cha shule katika sufuria ya maharage, akafukuzwa kwa mwiko, na bado akarudi na maelezo yake. Nyota kubwa ikijiporomokea, alisema, huacha shimo linalomeza kila kitu, hata mwanga. Lakini shimo hilo si baridi kabisa. Lina joto lake, na hulitoa nje polepole mno.

"Ukilifungia mu sufuria pamoja na joto yake," alisema, "iko degré moja yenye inaamua. Chini yake, shimo inayeyuka, inabakia joto tupu. Juu yake, shimo inakaa. Ni sawa maji na mvuke. Hapa kwetu maji inageuka kwa 94, juu tuko ku mulima."

"Na kikombe yenye ilianguka ndani?" Florentine alimuuliza.

"Hairudie kikombe. Inarudia joto. Lakini bakubwa ba physique bangali banabishana: mutu akiokota ile joto yote, bila kuchoka, atajua ilikuwa kikombe ao hapana?"

"Nani ataweza kuvumilia vile?"

"Weye."

Hayo ndiyo maneno matamu aliyoambiwa Florentine maishani, na yalimtosha. Julai 1998 Apollinaire alikwenda Kisangani kumalizia mémoire yake ya chuo kikuu juu ya mashimo hayo. Harusi ingekuwa Krismasi. Agosti vita vikalipuka na barabara ikakatika. Mwaka 2001 dereva mmoja wa lori alileta karatasi iliyochakaa: Apollinaire ameanza safari ya kurudi, amefika kijiji kimoja upande wa Mambasa, wenye bunduki wamefunga njia, anafundisha shule ya pale akingoja ifunguke. Baada ya hapo, kimya. Florentine alimtamani mpaka akajionea haya. Kila lori lililotoka upande wa Beni alilitazama hadi abiria wa mwisho ashuke.

Machi 2003 Florentine, mwalimu wa sayansi wa Butembo, aliitwa Beni, kwenye shule moja ya mtaa wa Bungulu, kusaidia kusahihisha jaribio la wanafunzi waliokimbia mapigano ya Mambasa, ili wapangiwe madarasa. Alikuwa ametuma swali lake lile lile ambalo huwatega nalo wageni kila mwaka: pale unapoishi, maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Apollinaire alilijua swali hilo. Aliwahi kumtania kwamba atalipeleka hata mbinguni.

Mwenzake mezani alikuwa Xavier, mwalimu kutoka Kasai, mtu mwema mwenye kalamu nyekundu isiyo na huruma.

"Madame Florentine, ona. Bane bote bameandika 94. Ni copiage! Kule Mambasa ni chini, maji haiwezi kuchemka kwa 94. Zéro kwa bote."

Florentine alishika ukingo wa meza. Akaomba aitwe mmoja wao, msichana aitwaye Ornella, aliyekimbia mwezi wa kumi.

"Hatukuibiana, Madame," Ornella alijitetea. "Tulipima, ikatoa 97. Maître Apo akacheka. Akasema: mukifika Beni ao Butembo, bakiwauliza, muandike 94. Kuko mutu atajua."

Florentine alicheka, akalia, akamkumbatia mtoto wa watu mpaka daftari likaanguka. Yu hai! Akageuza karatasi nyingine kwa pupa, kila moja ikiwa na mwezi aliokimbia mwenyewe. Wawili kati ya wale wanne walikuwa wamekimbia Krismasi, nao walikuwa na 94. Basi hadi Krismasi alikuwa akifundisha, akicheka, akimngoja. Akaendelea kutafuta. Alitaka Januari. Alitaka Februari.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Agar, aliyefika wiki iliyopita. Aliandika 97, tena akaeleza vizuri.

"Huyu njo alisoma!" Xavier alifurahi.

Florentine hakufurahi. Alimkuta Agar uani, akamuuliza nani alimfundisha hesabu hiyo.

"Ni Maître mupya, Madame. Tangu mwezi wa pili."

"Na Maître Apo?"

Agar alitazama miguu yake. "Alikuwa anatuvusha muto, darasa yote. Batu ba bunduki bakafika. Yeye alikuwa wa nyuma. Tulimuzika karibu na nyumba ya masomo. Pole, Madame."

Florentine alirudi mezani. Jibu la Agar lilikuwa sahihi, akampa alama zote. Kisha akazifuta zéro nne za Xavier, moja baada ya nyingine, akaandika alama zote na hapo. Xavier alimwona uso, akaweka chini kalamu yake nyekundu.

Jumatatu, darasani kwake Butembo, aliweka sufuria juu ya jiko la makaa mbele ya wanafunzi na kuwapa kipimajoto. Walisongamana wakiangalia maji yakianza kuchemka.

"94, Madame!" walipaza sauti.

"Pimeni tena," alisema, na machozi hakuyaficha.

Wakapima tena, na tena, mpaka maji yakaisha sufuriani, na kila mara ilikuwa ile ile.