Pamba Katika Sikio la Kushoto

Mtaa wa wenye nazo una baa tano, na zote nimeziingia kwa kupitia jikoni. Mimi ni fundi wa majokofu. Watu wananiita Barafu, jina nililopewa na wapishi, nami sijalikataa, maana wapishi wana majina mabaya zaidi ya hilo na hawaoni aibu kuyatumia. Niulize lolote kuhusu baa hizo. Nitakwambia ni ipi inayosafisha mashine ya barafu kila wiki na ni ipi inayosubiri mpaka ukungu uote ndevu. Lakini hakuna hata moja niliyowahi kuketi kama mteja, nikapandisha mguu juu ya mguu, nikamwita mhudumu.

Sasa nilitakiwa kuchagua moja, na nilikuwa na siku tano tu.

Aliyenitia katika shughuli hiyo ni muuza vipuri. Ana duka karibu na kituo cha mafuta, na kwake ndiko ninakonunua gesi, feni na mabomba ya shaba. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwita dada, naye akiniita fundi. Mtu mzima yeyote anajua kwamba ukishamwita mwanamke dada umejifungia mlango mwenyewe na ufunguo umeumeza. Jumatatu ile nikapiga moyo konde, nikamwomba tutoke Jumamosi jioni, tukanywe kitu na kuzungumza.

Aliweka koleo juu ya kaunta.

"Nitakuja," alisema. "Ila nikwambie mapema, fundi. Usikae kushoto kwangu. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, na hili langu la kushoto lilikufa nikiwa na miaka tisa."

"Najua," nilisema. Nilikuwa nimeona jinsi anavyogeuza kichwa kila mteja anapofungua mdomo.

"Hujui. Mahali pa kelele hata hili zima linanitupa. Wanaume watatu wameshanitoa, na wote watatu wamenipeleka kwenye muziki. Mimi naishia kutabasamu na kuitikia kwa kichwa jioni nzima. Wa mwisho alinitaka uchumba, nikaitikia, nikidhani ananiuliza kama naongeza soda. Wiki mbili nzima nilikuwa mchumba wa mtu bila habari."

Nilicheka. Yeye alicheka kidogo tu, kisha akaacha.

"Kwa hiyo nakuja mara moja," alisema. "Kama sikusikii, tusisumbuane tena. Utaendelea kuwa fundi wangu, nami nitaendelea kukuuzia mabomba."

Nilitoka pale nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Nina miaka arobaini na minne. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo sikuwa nimemwomba mwanamke yeyote hata saa ni ngapi. Nilimtaka huyu. Nilitaka anisikie.

Jioni hiyo nilikwenda kula kwa dada yangu mkubwa, kama kawaida. Ni msusi, na wateja wake humsimulia kila kitu, kwa hiyo anajiona ana shahada ya mambo ya watu wawili.

"Mpeleke wifi pale penye bwawa la kuogelea," aliniambia, akiwa hata sura ya huyo wifi hajawahi kuiona. "Maji ya bluu, taa chini ya maji. Mwanamke akiona vile moyo unalainika."

"Barafu yao ina ukungu."

"Nani amekwambia mtu anaangalia barafu?"

"Mimi naangalia. Nimeikwangua kwa mkono wangu huu."

"Basi pale penye bustani."

"Pale wana chemchemi katikati ya meza. Inamwaga maji shaa, shaa, kutwa. Hatasikia kitu."

Dada akaweka mwiko chini. "Mdogo wangu, mchagua nazi hupata koroma. Utachagua mpaka Jumamosi ikupite umesimama mlangoni na bisibisi."

Maneno hayo yaliniudhi kwa sababu yalifanana na mimi. Lakini mimi nina njia yangu ya kufanya kazi. Jokofu likiharibika silikisii, nalipima. Nikaona baa nayo nitaipima vivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi nilichukua pamba, nikaisokota, nikaijaza katika sikio langu la kushoto mpaka nikahisi nusu ya dunia imehamia upande mmoja. Kisha nikaanza mzunguko wangu wa kazi. Mtaa ule ni wa kuta ndefu zenye maua juu na mbwa nyuma yake. Mitaro yake ni misafi hadi unajisikia vibaya kutema mate. Kila baa nilipomaliza kazi ya jikoni niliingia ukumbini, nikachagua kiti, nikamwomba mhudumu asimame kulia kwangu anisomee orodha ya vinywaji kwa sauti ya kawaida.

Katika baa ya kwanza mhudumu aliniuliza kama naumwa jino. Katika ya pili alisoma vizuri, lakini kulikuwa na spika nyuma ya kila kiti, kana kwamba mteja akikaa dakika moja bila kelele atakimbia bila kulipa. Ile ya bwawa sikuipima. Mtu ambaye haoshi mashine ya barafu sina la kumwambia. Ya bustani niliipa nafasi kwa ajili ya dada yangu, nikakaa mbali na chemchemi kadiri ya uwezo wangu, na bado maji yalikuwa yakizungumza kuliko mhudumu.

Ya tano ilikuwa mwisho wa barabara, kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Zulia zito, dari ya mbao, mapazia mpaka chini. Kompresa, yaani injini ya chumba chao cha baridi cha kuhifadhia vyakula, niliifunga mimi mwenyewe, nikaikalisha juu ya mipira ya kuzuia mtetemo, na ikiwaka huisikii hata ukiwa jikoni. Niliketi kwenye kona. Mhudumu alinong'ona, "Juisi ya nanasi, juisi ya embe," nami nikasikia kila neno, hata mkwaruzo wa koo lake. Nilirudi Jumatano, nikarudi Alhamisi. Siku zote tatu palikuwa kimya kama maktaba.

"Fundi, unatafuta nini hasa?" meneja aliniuliza.

"Nimepata," nilimjibu. Nikaomba ile kona, Jumamosi saa kumi na moja jioni, watu wawili. Alikuwa na shughuli zake, akaandika tu.

Sijui kama umeshaona nilipokosea. Mimi sikuona. Mafundi wa majokofu huitwa asubuhi, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Miaka kumi na minane nimezijua baa za mtaa ule vizuri kuliko wenyewe, na zote nimezijua saa nne asubuhi.

Jumamosi muuza vipuri alinisubiri kwenye kituo cha mafuta akiwa amevaa gauni la kijani na viatu vya kisigino kifupi. Sikujua kwamba ana shingo nzuri hivyo, maana dukani huvaa koti la kazi lenye kola. Nilijipanga kulia kwake tangu hatua ya kwanza. Tulizungumza njia nzima, na alisikia yote, akanitania kwamba nimenyoa ndevu mpaka nimefanana na picha yangu ya pasipoti. Nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba miguu ilijiongoza yenyewe. Ilitupitisha kando ya ukuta, ikakata kushoto, ikatuingiza kwenye uchochoro wa mitungi ya gesi na mapipa ya taka, mpaka tukasimama mbele ya mlango wa bati ambao nimeugonga mara mia.

Mpishi akafungua. Akaniona mimi na shati langu lililopigwa pasi, akamwona na yeye.

"Barafu! Kwani kuna kitu kimeharibika?"

"Ndiyo baa yenyewe hii?" muuza vipuri aliuliza, akiangalia pipa la maganda ya vitunguu.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mlango wa mbele uko wapi?" nilimuuliza mpishi kwa sauti ya chini.

"Miaka yote hii hujui mlango wa mbele?"

Muuza vipuri alicheka mpaka akaushika mkono wangu ili asianguke, na hapo nikaona labda mambo hayajaharibika. Mpishi akatupitisha kati ya masufuria kama wageni wa heshima, akatusukumia mlango wa ukumbini.

Kelele ilitupiga usoni.

Lile pazia refu ambalo asubuhi hufunika ukuta mzima lilikuwa limevutwa, na nyuma yake palikuwa na runinga kubwa kama mlango wa gereji. Kulikuwa na mechi. Watu kama sitini, wanaume kwa wanawake, wenye saa za bei mbaya na sauti za mnadani, walikuwa wamesimama hadi juu ya zulia langu zito. Kona yetu ilikuwapo, ndiyo, na kikaratasi chenye maandishi, katikati ya wale waliopaza sauti kuliko wote.

Tuliketi. Nilikaa kulia kwake. Nilisogea mpaka kiti changu kikagusa chake, nikamwambia samahani, sikujua. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia amependeza. Akatabasamu, akaitikia. Tabasamu lilikuwa lilelile, halikuongezeka wala kupungua. Nikataka kuhakikisha.

"Mimi ni mwizi wa kuku," nilimwambia. "Nimeiba mia tatu. Polisi wananitafuta."

Alitabasamu kwa upole, akaitikia kwa kichwa.

Sijui kama nimewahi kujichukia kama dakika ile. Alikuwa ameniambia wazi, mapema, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mimi nimekwenda kumkalisha palepale alipokalishwa na wale watatu. Goli likaingia. Watu wakaruka. Yeye akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua na kulirudisha lile tabasamu mahali pake. Alikuwa mpole kwangu, na huo upole ndio ulioniumiza.

Nikasimama, nikamwonyesha mlango wa jikoni kwa mkono. Alichukua mkoba wake. Nadhani alidhani tunakwenda nyumbani.

Jikoni nilimwambia mpishi, "Nipe chumba cha baridi."

"Kufanya nini?"

"Kuzungumza."

Mpishi alimtazama muuza vipuri, akanitazama na mimi, akachukua makoti mawili mazito kwenye msumari na kutukabidhi. "Nyanya msizikalie," alisema.

Nilizima swichi ya feni na kompresa. Bia haidhuriki kwa nusu saa, hilo nalijua. Nikafungua mlango mnene, nikamwonyesha kitasa cha ndani jinsi kinavyosukumwa, nikamwambia akisukume mwenyewe mara mbili aone. Akasukuma mara tatu. Kisha tukaingia, nikageuza kreti mbili za soda, nikaufunga mlango.

Kuta za chumba kile zimejazwa povu gumu, unene wa shibiri nzima. Mechi ilikatika kama redio iliyochomolewa. Hapakuwa na feni wala spika, na hakuna hata tone lililodondoka. Nilisikia koti lake likisugua begani.

"Wanawake wangapi umewaingiza humu?" aliuliza.

"Wewe wa kwanza. Waliotangulia wote ni kuku."

Alicheka, na kicheko chake kilijaza chumba. Akageuza kichwa huku na huku, taratibu, kama mtu anayejaribu miwani mipya.

"Kule nje uliniambia kitu kirefu," alisema. "Ulikuwa unasema nini?"

"Kwamba mimi ni mwizi wa kuku. Mia tatu."

"Na mimi nikaitikia?"

"Kwa moyo wote."

Alijifunika uso kwa mikono ya koti, akacheka tena, lakini safari hii alipoutoa uso macho yalikuwa yamelowa. "Huwa nachoka, unajua," alisema. "Si masikio yanayochoka. Ni uso."

Nilimweleza ukweli: pamba, wahudumu wanne, orodha za vinywaji, saa nne asubuhi. Alisikiliza bila kuitikia hata mara moja. Alikuwa akinitazama tu, na mara nyingine akinikatiza kuuliza, na mara moja akinibishia kuhusu aina ya mipira niliyoweka chini ya kompresa, kwamba ile ya duka lake ni bora. Pumzi zetu zilikuwa zikitoka kama moshi. Nikaona dakika ishirini zimekwisha na bado sikuwa nimesema lile nililomleta kulisikia.

"Nyumbani kwangu ni kimya kuliko humu," nilisema. "Miaka sita sasa. Nimeweka redio jikoni na redio chumbani, hazisaidii. Nataka mtu wa kuzungumza naye nikirudi, na simtaki mtu yeyote tu. Nakutaka wewe."

Alivuta kreti yake karibu na yangu, akainama mpaka sikio lake la kulia likawa karibu kugusa mdomo wangu.

"Sema tena," alisema.

"Hukusikia?"

"Nimesikia," alisema. "Sema tena."