Mistari ya Ramani Si Miviringo ya Gogo

Nilisikia kwenye foleni ya maji kwamba wenye mgodi walipofunga, waliacha dhahabu kule mlimani, kwenye lundo la mchanga wao. Nilisikia mara moja tu, lakini maneno yale yakagoma kunitoka kichwani. Nikaja nayo nyumbani, nikayasema mezani. Kosa la kwanza ni langu.

La pili ni ramani. Nilikuwa mfagiaji wa ofisi ya mgodi. Ilipofungwa niliokota ramani kuukuu ya msitu na machimbo, nikaitandika sandukuni chini ya nguo. Binti yangu akaitoa. Yeye alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao, mtu wa kulijua gogo kwa kulitazama tu. Akaona mistari ya kahawia, duara ndani ya duara.

"Mama, njoo uone, kama kisiki! Hapa miviringo imebanana. Mti wa hivi ni mgumu, haupasuki ovyo. Basi na ardhi ya hapa ni ngumu. Nitapandia hapahapa."

"Na mvua yote hii, mwanangu?"

"Wewe mama hata kivuli chako unakipa shikamoo!"

Nikacheka. Nikamfungia viazi vya kuchemsha, akaenda.

Hakurudi. Kesho yake mpima ardhi alikuja na watu wa kutafuta, akaikunjua ramani ile iliyobaki nyumbani juu ya boneti ya gari, akaniuliza binti alipanga kupita wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Mama, mistari ikibanana hivi, maana yake mlima umesimama kama ukuta. Na miti iliyokuwa inaushikilia ilishakatwa yote."

"Yeye alisema ni pagumu."

"Nani alimfundisha?"

"Magogo," nikamjibu.

Siku ya tatu walimfukua kwenye tope lililoporomoka mlimani pamoja na lundo. Viatu nilivitambua kabla ya uso.

Ndiyo maana nawaandikia, wenzangu wenye watoto, wawe wadogo au watu wazima:

Msibebe maneno ya foleni kuyapeleka nyumbani.

Msifuate ramani ya zamani kabla ya kumwuliza anayejua kuisoma. Mlima uliochorwa siyo huu uliobaki.

Mtoto akiucheka woga wako, usicheke naye. Mkatalie.

Msipande mlima uliokatwa miti wakati wa mvua.

Msikanyage lundo la mgodi, hata likionekana limekauka.

Msiende peke yenu.