Mkono Kwenye Breki

Zuleha alikaa juu ya tairi kuukuu kwenye gereji moja ya Mwembesongo, miche ya kabeji mapajani ndani ya mfuko wa rambo. Mjomba wake Hatibu alikuwa ameahidi kwamba gari likitengemaa tu, atampandisha mlimani kumkabidhi shamba la marehemu mama yake. Kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama; mjomba huitunza tu.

Gari lilikuwa la zamani, ila kwa Hatibu jipya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kruzi haikai. Ukiiseti ishike mwendo ili mguu upumzike, inaachia palepale.

Fundi Luqmani alichomeka kiwaya kwenye plagi, akachungulia dashibodi. Taa ya kruzi ikakonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara tatu.

"Kosa namba ishirini na tatu," alisema. "Breki imekanyagwa."

"Na nani? Miguu yangu si hii hapa?" Hatibu aliinyanyua kandambili moja.

Luqmani alibadilisha swichi ya breki, akafuta kosa, akapima tena. Ishirini na tatu. Akainama na tochi chini ya usukani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mama yake Hatibu, waliyemzika mwaka juzi, alikuwa amejikunja pale chini, kiganja juu ya pedeli. Zuleha naye alisogea akaamkia.

"Bibi, toa mkono nimalize, kuna magari yanasubiri," alisema Luqmani.

"Huyo arudishe shamba kwanza."

"Shamba gani, bibi?" aliuliza Zuleha.

"La mama yako. Si ndilo hili hapa, limeota matairi?"

Hatibu alikohoa. "Mama, nawe! Mambo ya ukoo ni ya kusema gereji?"

Luqmani alijifuta mikono. "Mzee, swichi ni nzima. Hili la kifamilia, spea yake sina."

Hatibu akaona wangapi wanaendesha bila kruzi na hawafi. Alimtandikia mama yake kipande cha godoro, wakapanda mlimani. Kwenye miteremko bibi alikandamiza vizuri, hata Hatibu akakiri kwamba anasaidia.

Mwenye shamba mpya aliwapokea kwa ukarimu. Aliisifu miche ya Zuleha, akamuuliza kama anatafuta kibarua, akamwonyesha tuta la kuanzia.

Zuleha alivua viatu, akainama. Kule barabarani, ndani ya gari lililozimwa, taa ilikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara tatu.