Dozi ya Kilo Moja na Robo Tatu

Mwenzangu tunayemwita Shwari ndiye aliyeandika majaribio ya programu yetu ya dozi, ile inayomwambia nesi mtoto wa uzito fulani apewe dawa kiasi gani. Kila tulipoyaendesha, skrini ilijaa kijani, rangi ya kufaulu, bosi akatabasamu. Na mimi sikuwa na neno, mpaka mdogo wangu wa kiume aliponipigia simu asubuhi moja kutoka wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, alikolazwa mwanawe.

"Dada, nesi anasema kuanzia mchana wanatumia programu yenu."

"Mwanao ana kilo ngapi leo?"

"Moja na robo tatu. Ameongezeka!"

"Mwambie shangazi yake yuko kazini."

Nikafungua programu kwenye kompyuta yangu, nikaiharibu makusudi nione kama majaribio yatagundua: kila dozi nikaizidisha mara kumi. Nikaendesha majaribio. Kijani tupu!

"Shwari! Njoo uone maajabu yako."

Akaja na kikombe chake, akatazama, chai ikampalia. Majaribio yake yaliiuliza programu jibu, halafu yakaiuliza programu ile ile kama jibu ni sahihi. Mwanafunzi akijisahihishia mtihani, atafeli lini?

"Nilikuwa na haraka," alisema.

"Haraka ya kwenda wapi?" Nilimfokea, na bosi asikie akitaka.

Tukachukua mwongozo wa dawa wa hospitali. Shwari akasoma, mimi nikakokotoa kwa kalamu, na majibu yangu ndiyo tukayaweka kwenye majaribio. Tukaendesha. Nyekundu, juu mpaka chini, maana ile mara kumi bado ilikuwemo! Nilishusha pumzi. Angalau sasa majaribio yalikuwa macho.

Nikaiondoa ile mara kumi. Yakageuka kijani, isipokuwa ya watoto ambao kilo zao zina vipande. Aliye na moja na robo tatu, programu ilimhesabia mbili kamili. Tukarekebisha, tukaendesha tena, kijani, na safari hii niliamini. Bosi akaituma wodini kabla ya saa sita.

Mchana simu ikalia.

"Dada, amepewa. Amelala."

"Nisomee wameandika ngapi."

Akanisomea. Ilikuwa namba ile ile iliyokuwa mbele yangu, kwa mwandiko wangu. Nikalia hapo hapo mezani, na Shwari akanisogezea chai yake.

"Dada? Shangazi bado yuko kazini?"

"Mwambie sasa anapumzika."